Wimbo Wetu Kisimani Sericho

Asalaam aleikum, mjukuu wangu Halima. Huku Isiolo tuko salama. Goti la nyanya yako limepona, sasa anatukimbiza wote.

Umeuliza bendi yenu ya muziki wa panki ikivunjika kutabaki nini. Yetu pia ilikuwa ya panki, kelele na mbio tu, na ilivunjika mapema. Lakini madereva wa malori walikuwa wameshanakili kaseti yetu na kuisambaza njiani.

Baadaye nilienda Sericho kununua ng'ombe, nikakuta wachungaji wakipokezana ndoo kisimani huku wakiimba. Ulikuwa wimbo wetu, mbio vile vile, kwa Kiborana, ukisifu ngamia wao! Nikaingia kwenye mstari, nikaimba kwa fahari.

"Kijana, unachelewesha ndoo," mmoja akanikemea. "Huu wimbo ni wa hapa kwetu. Jifunze kwanza."

Sijawahi kusifiwa hivyo tena.

Babu yako