Mstari Mweupe Kwenye Benchi la Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu, nikitumaini kwamba maumivu ya mguu yamepungua na kwamba unawatii wauguzi, jambo ambalo kwako si jepesi. Sisi huku tu wazima. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza. Tafadhali soma kwanza hadi mwisho. Binti yako anayekuletea barua hii ataketi kando ya kitanda mpaka umjibu, kwa sababu maonyesho yako yanafunguliwa leo saa kumi.

Kazi zote zimepangwa kama ulivyoagiza. Lile umbo kubwa la mipira ya matairi na minyororo ya baiskeli linaning'inia katikati ya ukumbi, nalo halifanani na kitu chochote nikijuacho. Mlinzi aliniuliza fundi wa matairi anakuja kulichukua saa ngapi. Nilimkemea, kisha nikaenda kucheka chooni. Hata hivyo, jana nilimkuta amesimama chini yake, kofia mkononi, akaniambia kwamba upepo ukilitikisa anasikia kama mtu anapumua.

Baadaye tukatundika zile chapa ulizozitoa kwenye benchi la useremala la baba. Sikujua kwamba ulilipaka wino benchi zima, ukalaza karatasi juu yake na kuikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Kila tundu la msumari limeonekana, hata duara la kopo lake la gundi. Katika chapa ya mwisho kuna mstari mweupe, pale wino usipofika, unaoanzia ukingoni na kuingia ndani shubiri moja na nusu. Niliutambua kabla sijavaa miwani.

Msichana anayebandika majina ya kazi alikuja na kibandiko cha chapa hiyo, akakisoma kwa sauti: "Kosa Langu". Akayasoma na maelezo yako: kwamba ulipokuwa na miaka minane ulilikata benchi la baba kwa msumeno, naye akakufungia mlango wa karakana; na kwa kuwa mbao zilikuwa marufuku kwako, ukaanza kuokota mipira na minyororo nje ya mlango huo. Nilimwomba asikibandike. Aliuliza kwa nini, nami nikakichukua na kukitia mfukoni, kama wale wanafunzi niliowafokea miaka thelathini kwa kuficha vikaratasi. Msimamizi wa ukumbi amenipa hadi saa tisa; baada ya hapo atakibandika mwenyewe.

Mdogo wangu, hukulikata wewe. Siku ile ulikuwa ukikata kipande cha ubao chakavu, tena juu ya goti lako. Ulipoondoka, mimi niliuchukua msumeno, nikitaka kumwonyesha baba kwamba naweza kukata mguu wa kiti kama yeye. Niliulaza ubao juu ya benchi; ubao ulikwisha, mkono ukaendelea hadi ndani ya benchi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na wiki ile ndiyo aliyoahidi kuanza kunifundisha kazi. Alipouliza, nilikutaja wewe. Ulipokana, nilikuambia kwa upole kwamba msumeno ulipenya benchi bila wewe kujua. Nilirudia kukuambia maneno hayo mpaka ukayaamini, kwa kuwa mimi ni kaka yako. Nafasi ya karakanani nikapewa mimi, na mwaka haukuisha nikaishindwa. Baba tulimzika akiamini kwamba ni wewe.

Siombi unisamehe kabla ya saa tisa. Naomba jina jipya la chapa tu. Kibandiko kiko mfukoni mwangu. Andika nyuma ya barua hii neno lolote upendalo, hata likiwa jina langu. Nitalibandika kwa mkono wangu mwenyewe na kusimama kando yake mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Wasalimie wagonjwa wenzako. Wifi yako anakusalimu sana. Yeye hajui bado, nitamweleza nikirudi nyumbani.

Ni mimi kaka yako,
niliyeushika msumeno.