Niliisikiliza Mashine, Nikamnyamazisha Bibi

Jumanne, Jeddah. Joto la huku linanata mwilini, si kama lile kavu la Riyadh. Nimekaa chumba cha dereva, nyuma ya nyumba ya msiba hapa Al-Safa. Ndani wanasoma Kurani. Sina uso wa kusogea hata mlangoni.

Niandike tu, pengine nitapumua.

Bosi wangu ana asili ya Zanzibar. Wazee wake walihamia huku zamani. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi, hapandi ndege kabisa. Jana usiku dada yake wa pekee alifariki hapa Jeddah. Bosi akatangulia kwa ndege, mimi nikaambiwa nimlete Bibi kwa gari kutoka Al-Suwaidi, mtaa wetu kule Riyadh, tufike kabla ya alasiri, amuone dada yake kabla hajaenda kuzikwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Garini kuna GPS mpya. Mwezi uliopita Bosi alinipeleka dukani akaniambia nichague mwenyewe, kwa kuwa ndimi nitakayeitumia. Nikachagua yenye kioo kikubwa, kama mtoto anayechagua peremende kwa karatasi yake. Muuzaji akaanza kunionyesha namna ya kuiwekea barabara za kukwepa. Nikamkatiza: halas, naelewa. Sikuelewa chochote. Niliona haya kuuliza mbele ya Bosi.

Sasa, ukitoka Riyadh kuja huku, ukishapita Taif barabara inagawanyika. Moja inapita Makka, ambako sisi Wakristo haturuhusiwi kuingia, na nyingine inazunguka. Vibao vipo, vikubwa tu. Ila safari zote za nyuma Bosi alikuwa pembeni akiniongoza. Leo mashine ikaniambia niende moja kwa moja, kwa sababu ndiyo njia fupi.

Bibi alikuwa kiti cha nyuma na tasbihi yake. Akaniambia kwa upole, "Baba, shika kulia hapo. Njia yako wewe ni ile."

Nami nikamjibu, "Relax, Bibi. Hii kitu inajua barabara kuliko sisi wote."

Nilimwambia hivyo mama mtu mzima, siku ya msiba wake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjikia kwenye kizuizi cha polisi. Askari akaitazama ikama yangu, kile kibali cha ukaazi kinachoonyesha dini, akatikisa kichwa, akaniambia nigeuze. Akamwambia Bibi kwamba yeye anaweza kuendelea kwa teksi, atawahi. Bibi akanitazama.

"La," akasema. "Nimekuja naye, ntakwenda naye."

Tukarudi hadi ile njia ya kuzunguka, tukakuta malori yamejipanga. Alasiri ikatukuta hapo hapo. Bibi alilia bila sauti na hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Tulipofika, maiti ilikuwa imeshatoka. Bibi aliingia chumbani kwa dada yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa analipapasa godoro.

Bosi aliporudi kutoka makaburini alinijia uani kwa ukali. "Mbona mmechelewa hivi?"

Kabla sijafungua mdomo, Bibi akajibu kutoka mlangoni, "Muache kijana wa watu. Njia ilifungwa."

Nikanyamaza.

Hapo ndipo ninapojichukia. Kupotea naweza kusingizia ujinga, lakini kule kunyamaza nilikuchagua. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria watoto wangu kule Machakos, nikamwacha mama aliyefiwa aseme uongo kwa ajili yangu.

Kesho Bosi akitoka swala ya alfajiri atanikuta getini. Nitamwambia njia haikufungwa, Bibi alinionyesha pa kupita nami nikamnyamazisha. Akinirudisha Kenya, na anirudishe.

Lakini kabla ya Bosi yuko Bibi. Ndiyo kwanza nakumbuka, hapa ninapoandika: safari nzima ile, na mpaka sasa hivi, sijamwambia pole.