Mlango wa Chuma wa Mwenye Nyumba Wako

Kulwa, pacha wangu uliyetangulia kuzaliwa na ukatangulia tena,

Unaukumbuka mlango wa mbele niliomchomelea mwenye nyumba wako hapa Bariadi? Ulipouona ulicheka mpaka ukakaa chini. "Doto, bawaba hii ya chini uliichomelea umefumba macho?" Nikakujibu kwamba fundi huchomelea kwa moyo. Ukasema basi moyo wangu nao umepinda.

Mchana ule jiko la gesi liliposhika moto, ulikuwa peke yako, umejifungia, umelala na malaria. Nilifika mbio, kitambi mbele, nikawakuta zimamoto wamesimama. Madirisha yote nilishayatia nondo mimi mwenyewe, na mlangoni amekingama mwenye nyumba. Anasema ufunguo wa akiba unakuja kutoka Ngulyati.

"Atakayevunja mlango wangu tutaonana mahakamani."

Mkubwa wao akasita. Mwenzao aliwahi kushtakiwa kwa kuvunja dirisha tu. Mimi nami nikaanza kumbembeleza yule mzee, eti adabu. Hilo sijisamehe.

Mpaka askari mmoja wa zimamoto, binti mwembamba, akamsukuma kando na kuinua mtaimbo. Nikamwambia apige bawaba ya chini. Pigo moja, mlango chini. Alikutoa ungali unapumua, Kulwa, lakini moshi ulikuwa umeshakumaliza. Hospitali hukufikisha jioni.

Matanga hayajapoa, mzee akamshtaki yule binti. Nilikwenda kutoa ushahidi na ile suti inayonibana, nikakiri mbele za watu kwamba kazi yangu ilikuwa mbovu. Walicheka. Hakimu hakucheka. Alisema anayevunja kwa nia njema ili kuokoa uhai, sheria inamkinga. Binti akarudi kazini.

Nikadhani nitaridhika. Wapi. Nikakumbuka desturi ya kijijini kwa bibi: mwano ukipigwa, yowe la hatari likasikika, asiyetoka kusaidia hapewi moto wala maji kijiji kizima. Sasa huyu aliyewazuia waliotoka? Nikawapitia mafundi wote wa mji, wa chuma na wa mbao, mmoja mmoja. Hadi leo hakuna anayemtengenezea mlango. Ametundika turubai.

Amekuja kwangu mara tatu. Juzi alisema kwa upole, "Fundi, hata wa bati."

Nikampa kiti. Nikamwambia asubiri, ufunguo unakuja kutoka Ngulyati.

Nyumba yake ikiwaka tena nitakimbia kuzima, usihofu. Safari hii hatutacheleweshwa mlangoni.

Lala, Kulwa. Mimi bado sijamaliza naye.

Pacha wako mwenye moyo uliopinda,
Doto