Zamu ya Fundi Cherehani

Kaka yangu,

Baba anakula vizuri, na sweta uliyotuma inamkaa. Ninapitia kwenye makao ya wazee kila nitokapo kazini.

Unaukumbuka ugomvi wake na yule fundi cherehani juu ya kiti cha dirishani? Msimamizi aliumaliza kwa zamu: asubuhi baba, alasiri fundi. Fundi tulimzika mwezi uliopita. Hata hivyo, chakula cha mchana kikiisha, baba huinuka na kumwachia kiti. "Haya, mzee wa viraka, zamu yako," humwambia, kisha hucheka kana kwamba amejibiwa.

Jana mkazi mgeni alikikalia alasiri. Baba akampiga fimbo. "Toka! Unamkalia mwenzako!" Msimamizi anasema baba akirudia ataondolewa, na sisi tunajua hana pengine pa kwenda.

Leo nikakaa pale mwenyewe, baba aone kuwa kiti ni kitupu. Hakukasirika. Alitazama nyuma ya bega langu, akasema taratibu, "Mwanangu, mpishe. Amechoka kusimama."

Nikainuka upesi, bila kugeuka.

Njoo wewe uzungumze na msimamizi. Mimi nikisema kiti hakina mtu, sauti inanitetemeka.

Mdogo wako