Mafundo Upande wa Kushoto

Nebraska, 6 Januari 1953

Mwanangu Elvera,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu Merle. Natumai mvua ya huko Tacoma bado haijawaozesha. Mimi mzima, ng'ombe wangu Dagny mzima, kuku wamegoma kutaga, lakini hiyo ni baridi, si uzee wangu.

Barua yako ya Krismasi nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika. Unasema nina miaka sabini na moja, naishi peke yangu shambani tangu baba yako afariki, na theluji ikiyeyuka Merle atakuja na gari kunichukua. Kunichukua! Mimi ni kabati?

Sasa sikiliza. Kwa maneno hatutamalizana, maana ubishi umeurithi kwangu. Tushindane kwa sindano. Tushone blanketi la viraka, lile la nakshi mchanganyiko ambalo hakuna mraba unaofanana na mwenzake. Miraba ishirini na minne: kumi na miwili yangu, kumi na miwili yako. Kila mwezi nitakutumia mmoja, inchi kumi na mbili na nusu kila upande, ulioshonwa kwa mkono wangu bila cherehani. Mwezi nitakaoshindwa, au nikikutumia kazi mbovu, leteni hilo gari, nitapanda bila neno. Nikifikisha kumi na miwili, mnaniacha nyumbani kwangu na habari hiyo haitajwi tena.

Huu hapa wa kwanza, nakshi ya Nyota ya Ohio. Upime.

Ni mimi mama yako.


Tacoma, 20 Januari 1953

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Merle anakohoa kidogo tu. Mguu wako unaouma wakati wa baridi unaendeleaje? Usiniambie mzima, niambie ukweli.

Mraba nimeupima kwa rula ya chuma ya Merle. Kumi na mbili na nusu, hautoki hata unywele. Ncha zote za nyota zimekutana. Nilitamani kupata kosa nikakosa.

Basi nimekubali. Lakini hakimu ni mimi, na ni wewe uliyenifundisha kufumua, kwa hiyo usitegemee huruma. Sharti langu: mkono uwe wako kweli, si wa Bi Tillie. Namjua jirani yetu, ukimwekea kahawa na mkate wa iliki atakushonea hata pazia la kanisa.

Mama, mimi sikufanyi kabati. Baba alianguka bandani wewe ukiwa huku kwangu, akaonekana siku ya pili. Sitaki kupigiwa simu ya namna ile tena. Hilo tu.

Nami nakutumia wangu wa kwanza, Unyayo wa Dubu.

Mwanao, Elvera.


Nebraska, 3 Machi 1953

Mwanangu,

Habari za huko? Huku theluji imefika dirishani. Mguu unauma. Umeridhika sasa?

Huu ni wa tatu, Bata Bukini Warukao. Nimewahesabu, kila pembetatu bata mmoja, wapo thelathini na wawili na hakuna aliyekatwa mdomo. Dubu wako mmoja, kwa upande wake, amepoteza kucha. Na mraba wako wa pili una inchi kumi na mbili kamili. Ulikata viraka vya pembeni kwa kufuata kigezo ukasahau robo inchi ya mshono kila upande! Kosa hilo ulilifanya ukiwa na miaka tisa, nikadhani tulilimaliza. Nimeufumua, naurudisha.

Umeniuliza kama unaweza kushona Mguu wa Mzururaji. Hapana. Nakshi hiyo haiingii kwenye blanketi langu. Mtoto akijifunika nayo hatulii kwao. Wewe ulijifunika nayo wiki moja tu, kwa shangazi yako, ulipougua surua, na tazama sasa uko wapi. Nchi imekwisha hapo ulipo, mbele ni maji.

Mama yako.


Tacoma, 11 Mei 1953

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tu wazima, Merle kaacha kukohoa.

Mraba wa tano umefika jana, Kibanda cha Magogo. Nimeuweka kitandani pamoja na wenzake nikakaa kuutazama hadi viazi vikaungua. Hauna kosa. Naanza kuogopa kwamba utanishinda, na nikwambie siri, si kuogopa sana.

Nimerudia mraba wangu wa pili. Kigezo nimekiandikia pembeni kwa herufi kubwa: ROBO INCHI, MPUMBAVU WE.

Hiyo nakshi ya mzururaji bado naitaka. Hata kina mama wa kanisa huku wanaishona, wameibadilisha jina tu, wanaiita Nyayo za Bata Mzinga ili isidhuru.

Mwanao, Elvera.


Nebraska, 27 Juni 1953

Mpendwa Elvera,

Natumai hamjambo. Usishtuke kuona mwandiko wa Tillie. Nimeangusha miwani, kioo kimepasuka, na hapa mjini hawana cha namna yangu mpaka kiagizwe. Namwambia Tillie, naye anaandika.

Mraba wa sita ni huu, Mpekecho wa Siagi. Umechelewa kidogo kwa sababu ya kazi za bustani. Mimi mzima. Mabua machachu ya rubabu yamestawi, tumepika pai.

Mama yako.


Tacoma, 6 Julai 1953

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa hasira, kwa hiyo salamu zinatosha.

Miwani imevunjika, huwezi kuandika barua, lakini umeweza kushona mraba? Mama, mimi nilizaliwa jana?

Nimeugeuza nikatazama nyuma. Miaka yote wewe unashona kitambaa cheupe kikikutazama, na fundo la kuanzia liko kulia. Kila mshono, bila kukosa. Ningeweza kuujua mshono wako gizani kwa kupapasa. Kwenye mraba huu mafundo yote yako kushoto. Yote! Na hatua za sindano ni kubwa, zimepinda kama za msichana wa darasa la kwanza. Tena ni Mpekecho wa Siagi, nakshi unayomfundishia mtoto wa miaka minane. Wewe, uliyerusha bata bukini thelathini na wawili!

Bi Tillie anatumia mkono wa kushoto, nakumbuka alivyokuwa akishika kikombe. Mwambie namheshimu, lakini amenikosea. Na wewe umenikosea zaidi. Tulikubaliana mkono wako.

Merle amekwenda kukagua magurudumu ya gari.

Elvera.


Nebraska, 19 Julai 1953

Elvera,

Barua hii nimeiandika kwa siku tatu. Usicheke mwandiko.

Tillie anashikia kikombe mkono wa kulia. Uliyekuwa ukimwona ni dada yake, marehemu. Muombe radhi.

Tarehe kumi na nne Mei nilitoka bandani na ndoo ya maziwa. Mkono wa kulia ukaiachia. Sikuuambia uiachie. Nikaona maziwa yanakwenda kwenye nyasi na mimi nakwenda nayo. Mdomo ulipinda siku mbili, ukarudi. Mguu ukarudi. Mkono haujarudi. Daktari anasema ni kiharusi kidogo, na mkono huenda ukapona, huenda usipone. Nikamwambia asikuandikie. Nilikudanganya, na hilo najua ni kosa. Niliogopa gari.

Lakini mraba ule ni wangu. Nilikuahidi mkono wangu, na mikono ninayo miwili.

Nikueleze ninavyofanya, ili usiseme ni Tillie. Sindano naichomeka kwenye kipande cha sabuni, isimame, ndipo naitunga uzi. Kitambaa nakibana kwenye droo ya meza ya jikoni, naifunga kwa goti. Mkasi umenishinda, umetengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, ukiushika kushoto unatafuna nguo. Kwa hiyo nakata kwa wembe wa baba yako kando ya rula, na mkono wa kulia nauweka juu ya rula usiisogeze. Siku hizi kazi yake ndiyo hiyo, kuwa jiwe la kuzuia karatasi. Mraba ule unaouita wa darasa la kwanza niliufumua mara tisa. Nililia mara mbili, mara moja kwa uchungu na mara moja kwa hasira.

Kuhusu kuanguka peke yangu kama baba yako: nalifikiria kila ninapoingia bandani, kwa hiyo siingii tena. Dagny amehamia kwa Tillie. Na tumekubaliana, pazia la jikoni lisipokuwa limefunguliwa saa moja asubuhi, Tillie anaingia bila kubisha. Ufunguo anao. Wiki iliyopita nilisahau kulifungua, akaingia na mwiko mkononi, nikiwa kwenye beseni la kuogea. Tulipiga kelele wote wawili.

Huu ni mraba wa saba, Nyota ya Kinu cha Upepo. Ncha mbili hazikukutana. Umeufumua kwa macho tayari, najua. Wewe ni hakimu. Ukisema ni mbovu, nitapanda gari kama nilivyoahidi. Lakini pima kwanza.

Mama.


Nebraska, 21 Agosti 1953

Elvera,

Hamjambo? Mimi sijambo. Mraba wa nane huu hapa, Kikapu cha Cheri. Mpini wa kikapu ni mviringo, na mviringo kwa mkono huu ni adhabu. Mahindi yamekuwa marefu kuliko mimi.

Hukunijibu.

Mama.


Nebraska, 18 Septemba 1953

Elvera,

Salamu. Mraba wa tisa, Nyota ya Ndimu. Nilijiambia nichague rahisi, nikaona aibu. Pembe nane zinakutana katikati, nimezipata saba.

Miezi miwili kimya. Sijui kama unalia au unalipasha gari moto. Kila nikisikia injini barabarani natazama dirishani. Ukija, njoo mchana, nisikupokee na nywele za kulalia.

Niliyoanza nitayamaliza.

Mama.


Tacoma, 2 Oktoba 1953

Mama, Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nimemwandikia Bi Tillie barua yake mwenyewe.

Nilipopata barua yako ya Julai nililia siku nzima. Kesho yake tulipakia gari: blanketi, chupa ya kahawa, ramani. Merle alikwisha kaa kwenye usukani. Nikaingia ndani kuchukua miraba yako nikuoneshe, nikuambie mbele ya macho yako, huu mbovu, huu mbovu, panda gari. Nikashindwa kuchagua wa kuanzia. Nikamwambia Merle, ngoja kidogo, nijaribu kitu.

Nikaufunga mkono wangu wa kulia kwa skafu, mgongoni. Nikakaa mezani na sabuni, droo na wembe. Mama, kutunga uzi tu kulinichukua tangu kifungua kinywa hadi Merle aliponiletea supu. Niliutupa mkasi ukapasua sahani ya bluu uliyotuzawadia siku ya harusi. Siku ya nne nilikuwa na mshono mmoja wenye urefu wa kidole. Nikaugeuza, nikaona mafundo yangu yote yako kushoto, kama ya mraba wako wa sita.

Hapo nilijua gari haliji. Lakini sikutaka kukuandikia mpaka nimalize mraba mzima, maana ningekuwa hakimu gani? Umenichukua wiki kumi. Merle alishapakua siku nyingi, akanywa ile kahawa. Wewe umeshona minne ndani ya miezi minne, na mmojawapo ni wa mviringo!

Kaa nyumbani kwako, Mama. Pazia lifunguliwe saa moja. Krismasi tutakuja kula, kisha tutarudi sisi wawili tu ndani ya gari. Miraba iliyobaki nimekusamehe, umeshashinda.

Wangu nimeuweka humu. Najua ulikataza nakshi hii, lakini ndiyo niliyoitaka, na nimeilipia kwa jasho. Ni Mguu wa Mzururaji.

Mwanao akupendaye, Elvera.


Nebraska, 14 Oktoba 1953

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, kwenye upepo, na nimelia mpaka Tillie akaja mbio akidhani nimeanguka. Mshukuru Merle kwa kungoja. Mwambie Krismasi nitampikia mikate ya iliki ya peke yake.

Sasa, umenisamehe nini? Mimi sikuomba kusamehewa. Tulisema kumi na miwili. Huu ni wa kumi, Unyayo wa Dubu, maana ule wako nimeutoa, na kucha zote zipo, zihesabu. Imebaki miwili, na Krismasi uje nayo yote kumi na miwili.

Mzururaji wako nimempima mara tatu, nikidhani rula ndiyo mbaya. Upande mmoja kumi na mbili, mwingine kumi na moja na robo tatu. Vidole viwili vimekatwa ncha. Naurudisha. Fumua, urudie, kwa mkono uleule.

Nakshi usiibadilishe. Tangu uondoke, miaka kumi na moja, nimekuwa nikimlaumu shangazi yako kwa kukufunika nayo, na hapakuwa na kosa la mtu. Ulitaka kwenda, ukaenda. Ukishaunyoosha nitauweka katikati kabisa ya blanketi, juu ya kifua changu, nijifunike nao kila siku. Tuone kama una nguvu ya kunitoa hapa.

Ni mimi mama yako.