Maji Niliyoyachemsha

Kahindo, mujukuu wangu,

Beni imekuwa mbali namna gani, hata miguu yako imesahau njia ya Butembo? Uliniambia mimi bibi yako, "Juma moja tu, mukaka." Tumepanda viazi mara mbili tangu siku ile! Usiniletee habari ya basoda na bunduki zao, na bariere za njiani. Mama Masika anapita palepale na maharagwe yake kila siku ya soko, na ndiye anakuletea barua hii. Mimi nasema, katekista anaandika.

Unakumbuka shamba la viazi likinyauka? Asubuhi majani mazima, saa sita yameinama kama yamemwagiwa maji ya moto. Ulikata shina, ukaliweka ndani ya glasi ya maji, ute mweupe ukashuka kama uzi. "Ona, ndiyo vijidudu vibaya hivyo." Halafu ukatoa chupa ya kule ulikosomea. "Na hivi ni vizuri, vya udongo. Vitakaa kwenye mizizi, vibaya vikose nafasi."

Nikakuambia, "Nimekutoa chawa utoto wako wote, leo unaniletea vidudu ndani ya chupa!" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Uliniachia kazi ya kuloweka mbegu ndani ya maji ya chupa ile, dawa yako. Mistari yote ikafa. Hukulia. Ulisema tu, "Dawa yangu ni uongo," kesho yake ukashuka Beni kuuza sabuni.

Donc, basi sikia. Dawa yako hapana uongo. Mimi niliichemsha.

Usipige kelele. Bakimbizi balikuwa bamejaa kwetu, kolera ya kuhara ilikuwa inatafuta batoto, na sisi bamama tulifundishwa: maji yote, chemsha. Ya chupa yako yalikuwa na rangi ya matope! Nikayaweka motoni, yakatokota vizuri kabisa.

Lakini kikombe kimoja kilibaki ndani ya chupa, chini ya kitanda. Msimu uliofuata kuni zilikosa, basoda balizimaliza. Nikaloweka mbegu kidogo bila moto, nikapanda shamba lilelile. Miche mitatu ilikufa, sitakudanganya. Ingine yote, Kahindo, ilisimama! Ndipo nikaelewa: vijidudu vyako vilikuwa hai, na mimi nilivipika kama majani ya sombe. Hata katekista ananiangalia vibaya.

Kiazi cha kwanza nilikula peke yangu shambani, nikakulilia. Wewe unauza sabuni kwa kosa la sufuria yangu. Iache sabuni hiyo. Kuna bamama kumi na mbili hapa bananiuliza dawa ya mujukuu wangu, na mimi sijui hata jina la dawa yenyewe.

Uje na chupa ingine. Ukifika, usinisalimie kwanza: ingia jikoni, uzime moto wangu kwa maji, ndipo uniite.

Mukaka wako, mama ya baba yako