Usiongeze Moto

Mjukuu wangu mpenzi,

Salamu zako zimefika. Kikohozi kimeninyang'anya sauti, na mama yako ananilisha kwa kijiko huku akinigombeza kama mtoto.

Umeandika kwamba kipimajoto cha mtambo wenu kinashuka, na mkuu wako anataka muongeze moto. Niliposoma hayo niliomba kalamu papo hapo. Ule unga wa salfaidi mnaouchanganya na mabaki mazito ya mafuta ili yawe mepesi usipotawanyika vizuri, mafuta hugeuka makaa. Makaa hukifunika kipimajoto, kikaonyesha kunapoa wakati ndani kunatokota.

Nilipokuwa mkuu wa mtambo kama wenu, mdogo wangu aliyefanya kazi chini yangu aliniita siku moja, "Kaka, dude lako limepoa kama chai ya mgonjwa!"

"Ongeza moto, mvivu wewe," nikamjibu.

Akaongeza. Mtambo ukapasuka, ukamuua. Niliwaambia watu kwamba alizembea, na mjane wake akaniamini.

Naogopa kufa, lakini naogopa zaidi utiifu wako kwa wakubwa. Mama yako anapanda basi sasa hivi akuletee barua hii. Zima mtambo kwanza, mjukuu wangu, halafu unichukie.

Ni mimi, babu yako.